Maji ya Rangi ya Chai Nyumbani kwa Muindi

Muindi Nzomo aliendesha gari la Bwana Halvor kwa miaka kumi na mmoja, na kwa muda wote huo hakuwahi kuulizwa swali likamshinda. Karakana ipi haiibi vipuri, daraja lipi limebebwa na mafuriko, mvua itawakuta kabla ya Mtito Andei au baada yake, hayo yote alikuwa nayo kichwani. Alikuwa mtu wa majibu mafupi na shati lililopigwa pasi.

Kisha, mwaka wa 1981, Bwana Halvor alimaliza kazi yake ya uhandisi, akarudi kwao Norwe, na akamwachia Muindi tangi la samaki.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama benchi la kanisani, na ndani yake waliogelea samaki wadogo sana, kila mmoja na mstari wa buluu mgongoni na mwingine mwekundu chini yake, utadhani wamechorwa kwa kalamu. Samaki hawakuwa na neno. Neno lilikuwa maji yao. Yalikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Chini yalilala majani makavu ya mkungu, ule mti wa kivuli wa pwani, mapana kama kiganja, mengine yameshaanza kuwa nyavu. Na pembeni, ikining'inia kwa uzi, ilikuwako soksi ndefu ya nailoni ya mke wa Bwana Halvor. Ilikuwa imejazwa kitu cheusi na kufungwa fundo.

Kitu hicho cheusi kilitoka Ulaya ndani ya mfuko. Ukikitazama utasema ni udongo, lakini kilikuwa mimea ya kinamasi iliyooza miaka na miaka mpaka ikawa myepesi kama tumbaku. Majani, kwa upande wake, Muindi aliyafahamu vizuri kwa sababu aliyaokota mwenyewe. Kila walipokwenda Mombasa kikazi, Bwana Halvor aliegesha shughuli zake zote, akasimama chini ya mikungu na kunyoosha kidole. "Hilo hapana, lina kijani. Lile la kahawia." Dereva akainama, akaokota, akatia katika gunia. Siku moja kizuizini karibu na Voi askari alilifungua gunia hilo, akanusa, akavunja jani akalitafuna kidogo, akatema.

"Mnatoa takataka Mombasa mnapeleka Nairobi? Nairobi zimeisha?"

"Ni ya Mzungu," Muindi alijibu, na askari akainua mti wa kizuizi. Jibu hilo lilikuwa limetosha kila mahali kwa miaka kumi na mmoja.

Pale uwanja wa ndege, mizigo ikiwa imeshapimwa, Bwana Halvor alimshika bega na kumpa masharti ya tangi. Asiyabadilishe maji yote kwa pamoja. Asiyasafishe yakawa meupe. Majani yakiisha, aweke mengine. Soksi aiache mahali pake. Muindi aliitikia kila sharti kwa kichwa, kama alivyozoea, akijiambia kwamba sababu ataiuliza baadaye. Mlango ukafunguka, Mzungu akapita. Muindi alipofika kwenye maegesho ndipo alipogundua kwamba baadaye haipo.

Nyumba yao ilikuwa Makadara, vyumba viwili na jiko, na tangi lilichukua ukuta mzima wa sebuleni. Kavutha, mkewe, alilizunguka kwa upande mmoja, halafu kwa upande wa pili, kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Baba Ndindi, mimi nimezaliwa Kitui," alisema. "Nimechimba mchanga wa mto kwa mikono hii kutafuta maji, na tukiyapata yalikuwa na rangi hii hii. Tumehamia mjini kwa sababu ya bomba. Sasa wewe unaniletea maji ya Kitui kwa pikapu?"

"Bwana Halvor alisema yakae hivyo."

"Bwana Halvor yupi? Yule aliyekuwa akipangusa kishikio cha mlango kwa spiriti kabla hajakishika?"

"Huyo huyo."

"Na ndiye aliyesema uchafu usiguswe."

Hata Muindi hilo lilimshangaza. Binti yao Ndindi, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye ulimi mwepesi, aliinama akatazama ndani. "Fathe, hii ni strungi. Ongeza sukari tu."

Kavutha alikuwa mtu wa ufagio. Alfajiri uwanja mdogo wa nyuma ulikuwa umefagiwa na majani yote yaliyodondoka kutoka kwa mpera wa jirani yamechomwa. Kuishi na majani ndani ya nyumba, tena ndani ya maji, alivumilia kwa juma moja. La pili lilipoanza, Muindi akiwa kazini kwake kupya, katika kampuni ya rangi za nyumba kule Industrial Area, aliyatupa majani, akateka nusu ya maji kwa bakuli, akajaza ya bomba, na akasugua kioo kwa gazeti mpaka kikalia.

Jioni Muindi aliwakuta samaki wamejibana kwenye kona moja. Rangi zao zilikuwa zimetoka kama kanga iliyoanikwa juani msimu mzima. Ule mstari wa buluu ulionekana tu ukijua pa kuutafuta.

"Umewafanya nini?"

"Nimewaogesha," Kavutha alisema, lakini naye alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi. "Si wangefurahi?"

Muindi akatia majani mengine kutoka guniani. Ikapita siku, ikapita nyingine, maji yakaanza tena kuwa na rangi ya chai, na samaki wakatoka konani mmoja mmoja. Buluu ikarudi, nyekundu ikarudi, tena kali kuliko mwanzo. Mume na mke walisimama mbele ya kioo. Kila kitu walichofundishwa, na kliniki, na shule, na mabango ya kipindupindu, kilisema maji meupe ndiyo uzima. Hapa mbele yao walikuwapo viumbe waliougua kwa usafi na kupona kwa takataka. Muindi alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani kama anavyopanga safari, lakini kila njia aliyoshika ilimrudisha palepale alipoanzia. Kavutha hakuligusa tangi tena. Alilitundikia pazia.

Pazia ndilo lililoleta maneno.

Jirani yao wa mlango wa tatu alikuwa Teresiah, muuza vitambaa wa Jogoo Road na kiongozi wa akina mama kanisani. Aliingia siku moja kuazima kinu, upepo ukainua pazia, akaona. Hakuuliza kitu. Aliondoka na kinu chake, na kufikia Jumapili akina mama wa kwaya walikuwa wakijua kwamba kwa Muindi kuna maji meusi yenye majani, yamefunikwa, na katikati yake kuna kifurushi kilichofungwa fundo.

Kwa mtu mwingine ingekuwa porojo ya juma moja. Kwa Muindi ilikuwa na mizizi. Babu yake alikuwa mganga kule Kitui, mwenye vibuyu na foleni ya watu, na ingawa baba yake alibatizwa na yeye mwenyewe hakuwahi kukosa ibada, watu wa kwao walipomtaja hawakusahau kumtaja yule babu. Na mwaka ule, baada ya kungoja kwa miaka mingi, jina lake lilikuwa limependekezwa awe mzee wa kanisa. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Siku atakayosimama mbele na kuwekewa mikono, ndivyo alivyoamini, ndiyo siku vile vibuyu vitakapozikwa.

Desturi ya kanisa lao ilikuwa kwamba kabla jina halijapitishwa, wazee humtembelea anayependekezwa nyumbani kwake. Husali, hunywa chai, hutazama. Hawapekui, lakini macho yao hayalali. Ziara ya Muindi ilipangwa Jumamosi.

Ijumaa baada ya kazi alivua shati, akasimama mbele ya tangi.

"Unafanya nini?" Kavutha aliuliza.

"Ninayatoa maji yote. Yawe meupe kesho."

"Yote? Mimi nilitoa nusu tu na unakumbuka walivyokuwa."

"Ni siku moja. Hata mtu huvumilia siku moja. Wakishaondoka wazee nitarudisha."

"Na Mzungu alisema?"

"Mzungu hagombei uzee wa kanisa."

Akateka maji ya chai akayatia katika madebe, akayaweka nyuma ya nyumba, maana kuyamwaga hakuthubutu. Majani aliyafunika kwa gazeti karibu na madebe. Soksi, ikitiririka, aliiweka ndani ya beseni chini ya kitanda. Akajaza tangi kutoka kwa bomba, na maji yakawa meupe hivi kwamba ungeweza kusoma kalenda ya ukutani kupitia kioo. Pazia likatolewa. Alilala akiwa na amani na hofu kwa pamoja, na asijue ipi iko juu.

Wazee walifika Jumamosi alasiri. Mbele aliingia Mzee Johnson Ngigi, fundi seremala, mwenyekiti, mtu wa sauti nzito na sala ndefu. Nyuma yake Mzee Maingi, karani mstaafu wa reli kutoka Machakos, mwembamba, mwenye kofia aliyoivua mlangoni. Wa mwisho alikuwa Teresiah, na macho yake yalikwenda ukutani kabla hajasalimia.

"Aa," alisema. "Kumbe ni samaki."

"Ni samaki, Mama Teresiah," Kavutha alisema kwa upole uliokuwa na miiba. "Ulidhani ni nini?"

"Mimi? Mimi sikudhani kitu, mwenzangu."

Chai ikamiminwa, mandazi yakawekwa. Mzee Maingi alilikaribia tangi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi. Maji safi kabisa. Watu wana midomo." Muindi akahisi mgongo wake ukinyooka. Mzee Johnson akasimama, wote wakasimama, na sala ikaanza.

Ilianza kwa kushukuru kwa ajili ya nchi, ikaingia mitaa, ikaingia Makadara, ikaingia nyumba hii na walioijenga. Ilipofika kwa wagonjwa hospitalini Muindi alisikia kiwiko cha Ndindi ubavuni.

"Fathe," binti alinong'ona. "Wanadedi."

Akafumbua jicho moja. Samaki wote walikuwa juu, vinywa vimetoka nje ya maji, wakifungua na kufunga, kufungua na kufunga. Hawakuwa na rangi hata chembe. Mmoja alikuwa amelala ubavu, akizunguka polepole na mapovu ya pampu.

Muindi akalifumba lile jicho. Mzee Johnson alikuwa sasa kwa wajane. Baada ya wajane huja mayatima, baada ya mayatima wasafiri, na Muindi, aliyekuwa dereva, aliijua sehemu ya wasafiri ilivyo ndefu. Alijiambia avumilie. Ni samaki tu. Halafu akaona mbele ya macho yake yaliyofumbwa vile vinywa vikifunguka, na miguu yake ikaondoka kabla yeye hajaamua.

Mzee Johnson alipotamka amina na kuinua kichwa, mpendekezwa wake hakuwapo mahali pake. Alikuwa akitoka chumbani amebeba beseni, na ndani ya beseni kifurushi cheusi kilichofungwa fundo, kikichuruzika sakafuni. Binti yake alikuwa akiburuta debe kutoka nyuma. Mbele ya watu watatu wa kanisa, Muindi aliyateka yale maji meupe kwa bakuli, akamimina ya rangi ya chai mahali pake, akatumbukiza majani, akafunga soksi kwa uzi wake.

"Muindi," Mzee Johnson alisema mwishowe. "Hiyo ni nini?"

"Ni soksi, Mzee."

"Ya nani?"

"Ya mke wa Bwana Halvor."

Teresiah alikohoa. Kavutha aliangalia dari.

"Soksi ya mke wa Mzungu," Mzee Johnson alirudia taratibu, kama mtu anayepima ubao mara ya pili, "iko chini ya kitanda chako?"

"Huwa ndani ya maji, Mzee. Nimeiweka kitandani jana tu. Chini ya kitanda, yaani. Ili msiione."

"Na ndani yake?"

"Udongo. Wa kwao, Ulaya."

"Udongo huo unafanya kazi gani?"

Muindi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuta jibu ndani yake. "Sijui, Mzee. Ukiwemo wanakuwa wazima."

Mzee Maingi alivaa miwani. "Si dawa?"

"Si dawa."

"Kama si dawa, mbona wanapona?"

Na kweli walikuwa wakipona. Wawili walishaacha kuhema juu, wakashuka kati ya majani. Yule aliyelala ubavu alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Wote sita waliokuwa chumbani walimtazama, na kadiri alivyozidi kupata nguvu ndivyo Muindi alivyozidi kuonekana mwenye hatia. Samaki angekufa, lingekuwa jambo jepesi zaidi.

"Ni maji tu," Muindi alisema. "Maji na majani."

"Kama ni maji tu..." Teresiah alianza, na hakumalizia.

Hapo ndipo Muindi alipofanya jambo lililozungumzwa Makadara kwa muda mrefu. Alichukua kikombe cha bati mezani, akakichovya ndani ya tangi, akakinywa chote akiwa amesimama, akiwatazama wazee usoni. Alitaka waone kwamba hakuna kitu. Aliwaza kama dereva anayeonja maji ya rejeta kuonyesha kwamba hayana mafuta.

Kikombe kilipotoka kinywani aliona uso wa Mzee Maingi umepauka kama wale samaki. Ndipo akaelewa. Mtu wa Ukambani akishutumiwa, akasimama mbele ya wazee, akanywa kitu cheusi huku akiwakazia macho, ameshakula kiapo. Kithitu, kiapo chao cha jadi, hakitajwi katika nyumba ya sala, na Muindi alikuwa amekifanya mchana kweupe, mandazi yakiwa mezani. Kwamba hakukusudia hakukuwa na uzito, kwa maana kiapo hakiulizi. Naye Mzee Johnson, ambaye si Mkamba, alikuwa ameshika ukuta. Wanaume wa umri wake kutoka Kiambu walikuwa na kumbukumbu zao za viapo vya enzi za vita vya msituni, za kunywa vitu mbele ya watu, na kanisa lilichukua miaka kuwarudisha.

"Tutakwenda," Mzee Johnson alisema.

"Wazee, chai."

"Tumeshiba, Mama Ndindi. Mungu awabariki."

Teresiah aliiweka chini chai yake, ikiwa imeshafanya utando wa maziwa, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mwenye furaha ya kujua jambo.

Jumapili iliyofuata majina ya wazee wapya yalisomwa. La Muindi halikuwamo. Baada ya ibada alisimama nje, chini ya mpera wa uani mwa kanisa, mikono nyuma, akiwangoja wazee wamweleze kosa lake ni lipi hasa.

"Kosa si maji," Mzee Maingi alimwambia, kofia mkononi, akiongea karibu kwa kunong'ona. "Ni kunywa. Ungekataa kunywa, ningekutetea."

"Lakini ningekataa, msingesema ninaogopa dawa yangu?"

Mzee Maingi alifikiri. "Tungesema," alikubali, akavaa kofia yake akaenda.

Mzee Johnson alikuwa na maelezo mengine. Kule kunywa aliweza kusamehe, alisema. Kilichomchoma ni kwamba mtu aliondoka kabla ya amina. Na Teresiah, aliyemsogelea wa mwisho, alimvuta kando. "Baba Ndindi, usiku nimekosa usingizi. Yule mdogo aliyelala ubavu, aliinuka?"

"Aliinuka."

"Ngai," Teresiah alimtaja Mungu kwa lugha ya kwao, na Muindi hakujua kama ni shukrani au ni woga. Pengine hata yeye Teresiah hakujua.

Alibaki peke yake na sababu tatu zisizokaa pamoja. Ya kwanza ilimwambia asinywe, ya pili angoje, ya tatu ilimshinda kabisa. Angefanya lipi? Angewaacha wafe? Alijiuliza tena na tena, na kila mara alijikuta ameshabeba beseni. Uzee wa kanisa ulikuwa umempita, vibuyu vya babu vilikuwa bado juu ya ardhi, na jambo pekee alilokuwa na hakika nalo ni kwamba asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, mistari ya buluu ilikuwa inawaka.

Alipogeuka kumtafuta mkewe aliona mgongo wake. Kavutha alikuwa ameinama chini ya mpera, katika nguo yake ya Jumapili, na leso ya kichwa ameitandaza chini. Alikuwa akiokota majani. Aliinua moja, akaliona lina kijani, akalitupa. Akachukua la kahawia.

"Mama Ndindi! Watu wanatazama."

"Si walishatazama?" alijibu bila kuinua kichwa. "Gunia limebaki na majani mangapi? Mombasa atakupeleka nani sasa, kampuni ya rangi?"

Karibu na mlango wa kanisa akina mama wa kwaya walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Muindi aliwaona. Aliwaza kumvuta mkewe mkono waende. Badala yake alichuchumaa, polepole kwa ajili ya suruali yake ya pasi, akaanza naye kuchagua.

"Haya ni ya mpera," alisema. "Yale yalikuwa ya mkungu. Sijui kama ni mamoja."

"Tutaweka moja kwanza tuone." Kavutha alilipindua jani alilokuwa ameshika, akalipuliza vumbi, akasita. Mikono yake, iliyozoea kusafisha, haikujua iende wapi. "Nioshe, ama nisioshe?"

Muindi alifikiri sana.

"Bwana Halvor hakusema," alijibu.